Je, wajua? Homa nyekundu ilipoa kabla dawa yake haijapatikana

Mwaka 1856, katika mji wa Carlisle kaskazini mwa Uingereza, Archibald Tait na mkewe Catharine walizika mabinti watano katika muda wa wiki tano hivi. Wote waliuawa na homa nyekundu. Tait alikuwa kiongozi wa kanisa kuu la mji, na baadaye akawa Askofu Mkuu wa Canterbury. Nyumba yake haikujua njaa wala msongamano. Leo ugonjwa huohuo unatibiwa kwa dawa ya siku kumi. Uliwezaje kuua namna ile?

Huanza kama mafindofindo. Koo linauma, homa inapanda, kisha mwili unajaa vipele vyekundu vidogo sana, na ukiipapasa ngozi inakwaruza kama msasa. Bakteria anayeuleta anaitwa Streptococcus pyogenes, na wekundu ule unatokana na sumu anayoitoa. Lakini uwezo wa kutengeneza sumu hiyo si wake wa asili: huupata kutoka kwa kirusi kinachomwingia yeye bakteria. Asiyepata kirusi cha namna hiyo anaweza kuumiza koo, ila vipele havitokei. Kwa hiyo ndani ya jina moja la ugonjwa kuna bakteria wa makali tofauti, na wanaotamba mwaka huu huenda wasiwe wale wa miaka 20 iliyopita.

Madaktari wa zamani waliyaona mabadiliko hayo bila kujua sababu. Thomas Sydenham wa London, aliyeupa ugonjwa jina la Kilatini katika karne ya 17, aliuona mwepesi mno. Pierre Bretonneau wa Tours, Ufaransa, tangu 1799 hadi 1822 hakuona hata mgonjwa mmoja akifa kwa homa hiyo, akaihesabu kuwa nyepesi. Mwaka 1824 ukazuka mlipuko mjini mwake, watu wakafa, naye akabadili kauli.

Kisa cha Dublin, Ireland, ndicho kinachonigusa zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 19 homa nyekundu iliua wengi huko, kisha tangu 1804 hadi 1831 ikawa nyepesi. Daktari Robert Graves alieleza jinsi wenzake walivyoamini kwamba wagonjwa wanapona kwa sababu tiba imeboreka, na kwamba waliokufa zamani wangepona wangetibiwa kwa njia hizo mpya. Miaka ya 1830 makali yakarudi. Tiba zilikuwa zilezile, na watoto wakafa.

Uingereza na Wales zilipoteza zaidi ya watu 30,000 kwa homa nyekundu mwaka 1863, na tena 1870, wengi wao watoto wadogo. Katika miaka ya 1860 kiwango cha vifo kilikaribia 1,000 kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Katika miaka ya 1890 kilikuwa chini ya 200. Wakati huo hapakuwa na dawa ya kuua bakteria huyo. Madaktari George na Gladys Dick wa Chicago walithibitisha chanzo cha ugonjwa miaka ya 1920, dawa za salfa zikaja miaka ya 1930, penisilini ikafuata.

Wanahistoria bado wanabishana. Wapo wanaotaja chakula bora, wapo wanaotaja nyumba zisizosongamana na kutengwa kwa wagonjwa. Sidhani hayo ni bure, lakini nikikumbuka Dublin, na mabinti wa Carlisle walioishi vizuri, naamini bakteria mwenyewe alipungua makali.

Kwenye nchi za joto, Afrika Mashariki ikiwemo, madaktari wameiona homa nyekundu kwa nadra, na ukitazama orodha za vifo vyake utadhani tulisalimika. Lakini bakteria huyu yupo kwetu tangu zamani. Mtoto akiumwa koo kwa sababu ya bakteria huyo bila kutibiwa, wiki mbili tatu baadaye kinga ya mwili inaweza kugeuka na kuzishambulia vali za moyo wake mwenyewe. Wapo wanaoishi kwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne, na wapo wanaofikishwa hospitali wakiwa vijana, miguu imevimba, pumzi haitoshi kupanda ngazi. Wakifa, huandikwa kwamba wamekufa kwa ugonjwa wa moyo, na koo lililouma utotoni halitajwi.