GNA11: jeni ya tarishi wa kalsiamu

Ukitaja kalsiamu, watu hufikiria mifupa na meno. Hawakosei, kwani takriban asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo humo. Lakini ile chembe iliyobaki kwenye damu ndiyo inayolindwa kwa ukali: kwa mtu mzima hukaa kati ya milimoli 2.2 na 2.6 kwa lita, ale asile. Ikishuka mno, misuli hukakamaa, hata degedege huweza kutokea. Ikipanda mno, figo na moyo huumia.

Walinzi wake ni tezi za parathairoidi, kwa kawaida nne, nyuma ya tezi ya thairoidi shingoni. Kila moja ni kama punje ya mchele. Homoni yake huifanya mifupa iachie kalsiamu na figo zisiimwage kwenye mkojo. Sasa, tezi hizi zinajuaje kwamba imetosha, zinyamaze?

Juu ya seli zake kuna kipokezi kinachonasa kalsiamu ya damu. Kipokezi hicho kimenasa kwenye utando wa seli, hakiendi popote. Habari huipokeza kwa tarishi anayesubiri upande wa ndani. Tarishi huyo ni protini iitwayo G-alfa-11, na maelekezo ya kuiunda yamo katika jeni ya GNA11, kromosomu ya 19. Akishtuliwa, huachia GDP, molekuli ndogo anayoishika akiwa amepumzika, hushika nyingine iitwayo GTP, inayomweka kazini, huachana na protini wenzake wawili na kwenda kuamsha kimeng'enya fosfolipasi C. Ishara husambaa, homoni hupungua. Kisha huivunja GTP yeye mwenyewe na kurudi zamu. Figo nazo zina kipokezi hicho hicho.

Mwaka 2013 watafiti walieleza familia ambazo tarishi huyu ana kasoro ya kurithi. Akiwa mzito, tezi hudhani kalsiamu haitoshi hata ikiwa imezidi, nayo hubaki juu kidogo maisha yote. Akiwa na papara, kalsiamu hubaki chini, na mtu hupata ganzi na mikakamao. Hali zote mbili ni nadra. Kalsiamu ya juu ya kifamilia mara nyingi zaidi hutokana na CASR, jeni ya kipokezi chenyewe.

Wenye tarishi mzito wengi hawasikii chochote. Hugunduliwa kwa bahati kwenye kipimo cha damu. Hapo ndipo ninapoomba subira. Majibu yao hufanana na ya uvimbe wa parathairoidi, na wapo wanaopelekwa kwenye upasuaji ambao kwa kawaida hauwasaidii. Kabla ya kisu, mkojo upimwe: kalsiamu yake ikiwa kidogo wakati ya damu iko juu, waulizwe wazazi na ndugu, maana kila mtoto wa mwenye kasoro hii ana uwezekano wa asilimia 50 kurithi.

Kwa wenye kalsiamu ya chini, kosa ni kulazimisha kipimo kiwe sawasawa. Vidonge vya kalsiamu na vitamini D hutolewa kwa kiasi cha kutuliza dalili tu. Vikizidi, kalsiamu hufurika kwenye mkojo na vijiwe huota kwenye figo.