Kabla hujasema mashine imekula cheni

"Fundi, ninolee kwa tupa tu, mashine inakula cheni." Hapa Dar, penye mashine za jiwe za kunolea cheni za misumeno ya petroli, maneno haya yamekuwa kama salamu. Na mwenye kuyasema mara nyingi ameshika cheni iliyoliwa kweli: meno yamebaki nusu, ncha zina rangi ya bluu, na ikifungwa kwenye baa, ule ulimi wa chuma inapozungukia, inatoa vumbi badala ya maranda. Kwamba imeharibika sibishi. Ninachokataa ni kumfunga asiye na hatia, yaani mashine.

Ya vipimo nipite haraka, maana yameandikwa kwenye boksi la cheni na watu hawasomi. Cheni ya 3/8 na ya .404 (namba hizi ni nafasi ya viungo vya cheni, kwa inchi) zinataka jiwe la unene wa mm 4.7, ya .325 na ile 3/8 ndogo ya misumeno midogo, mm 3.2. Pembe ya jino digrii 30 kwa kukatia magogo, digrii 10 kwa cheni ya kupasulia mbao. Kichwa cha mashine digrii 60, ingawa zipo cheni zinazotaka 55. Vaa miwani.

Sasa bluu. Ncha ya jino ni nyembamba, joto halina pa kukimbilia. Kandamiza jiwe sekunde tatu mfululizo na ncha itafika karibu nyuzi 300 za Selisiasi, ambako chuma huanza kuwa bluu, wakati mwili wa jino bado unashikika kwa vidole. Ugumu wa kiwandani umeondoka. Ukizidisha mpaka ncha ikawa nyekundu, chuma baridi kilicho jirani kinaunyonya ule moto ghafla na ncha inakuwa ngumu kama kioo: tupa inateleza juu yake ikilia, na ikikutana na fundo la mkorosho inamegeka.

Kwa hiyo: gusa, inua. Gusa, inua. Kila mguso usifike sekunde moja, na kila mguso ule kidogo tu. Jino likihitaji kuliwa sana, zunguka cheni yote mara mbili au tatu badala ya kulimaliza jino moja kwa mkupuo. Sikiliza mota, sauti ikishuka, unakandamiza. Jioni umeme ukiwa mdogo na mota imezubaa, acha kazi hiyo mpaka asubuhi, kwa sababu mkono wenyewe utataka kufidia.

Jiwe chafu nalo linaunguza hata kwa mkono mwepesi. Utomvu wa mwembe uliochanganyika na mafuta ya baa unaziba uso wa jiwe, nalo linabaki kusugua bila kukata. Osha cheni kwa mafuta ya taa na brashi, kisha ifute ikauke kabisa; cheche na mafuta ya taa si marafiki. Jiwe likianza kung'aa, lichune kwa kile kijiwe cha kulisafishia mpaka uso ufunguke na duara la ukingo lirudi.

Vitabu vinasema ukiona bluu, noa mpaka iondoke, basi. Hapo nina shaka. Bluu ni ngozi tu. Mguso mwepesi unaifuta rangi, lakini ulaini unaweza kuwa umezama zaidi ya rangi yenyewe. Ninaiamini zaidi tupa mpya: ipitishe mara moja kwenye jino lililoungua na mara moja kwenye jirani yake lililo zima. Ikishika tofauti, bado hujafika kwenye chuma kizuri.

Tuje penye ulaji wenyewe. Miti ya mjini imejaa misumari, shukrani kwa mabango ya waganga. Cheni ya inchi 20 ya 3/8 ina meno 36. Moja likigonga msumari likavunjika ncha, fundi anafunga kizuizi cha mashine, kile kinachopanga urefu wa jino, kwa kipimo cha jino hilo, halafu ananyoa yale 35 mazima ili yalingane na kilema mmoja. Cheni ya miezi inaisha kwa kunolewa mara tatu! Kanuni ya meno kulingana urefu naijua, na mashine inaifuata vizuri kuliko mkono wowote. Ila siamini tena kwamba ni sheria. Jino moja fupi, ukilishushia kinundu chake cha mbele (kile kinachoitangulia ncha na kuamua jino lichimbe kina gani) kwa kipimo chake lenyewe, halipindishi chochote.

Kinachopindisha mkato ni upande wa kushoto kutofautiana na wa kulia, kwa pembe, kwa makali au kwa kina. Mashine za bei nafuu zina ugonjwa huu: kishikio hakikai katikati, upande mmoja unatoka mrefu. Noa meno mawili, moja la kila upande, pima urefu wake kwa vernia (koleo la kupimia), rekebisha, ndipo uendelee.

Na kile kinundu cha mbele, ambacho karibu kila mtu anakisahau. Mgongo wa jino unateremka kuelekea nyuma, hivyo kila ukinoa, ncha inashuka, kinundu kinabaki palepale. Jino linakata unywele lakini haligusi mti. Weka geji, kile kibati cha kupimia kina, shusha kwa tupa bapa mpaka kiwe chini ya ncha kwa mm 0.65, kisha rudishia duara lake la mbele. Ukikishusha kupita hapo, msumeno unaanza kurukaruka na kuvuta mikono, hasa kwenye mbao ngumu kama mkongo.

Ukimaliza, pulizia hewa na uiloweke cheni kwenye mafuta usiku kucha, kwani vumbi la jiwe lililobaki kwenye pini linazila. Tupa ya duara usiitupe: mm 5.5 au 5.2 kwa 3/8, mm 4.8 kwa .325, pitisha mara mbili tatu kwa kila jino unapojaza petroli. Ikiteleza kwenye cheni iliyotoka kunolewa kwa mashine, irudishe kwa aliyeinoa na mwonyeshe jino lenyewe.