Darubini ya "mara 675" haioni zaidi

Wengi huamini kuwa darubini bora ya kutazamia nyota ni ile inayokuza zaidi, na maboksi yenyewe husema "mara 675". Lakini kinachotangulia ni upana wa kioo, kwani ndicho kinachokusanya mwanga. Kwa kawaida ukuzaji wenye manufaa hauzidi mara mbili ya upana huo kwa milimita: kioo cha 114, basi takriban 228. Ukipita hapo, picha hufifia na kuvurugika.

Jaribu mwenyewe, hata juu ya paa pale Kisauni. Urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi mwanga unapokutana) wa milimita 900 ukigawanywa kwa lenzi ya jicho (ile unayochungulia) ya milimita 25 ni ukuzaji wa mara 36. Itazame sayari ya Mshtarii (Jupita): miezi yake minne mikubwa huonekana nukta safi. Sasa weka lenzi ya jicho ya milimita 4 pamoja na lenzi ya kuzidisha ukuzaji mara 3 (hapo ndipo 675 ilipotoka!) uone ukungu wake.