Kuhamishwa wodi si adhabu

Hapa Lamu, muuguzi akitolewa wodi ya wazazi akapelekwa idara ya majeruhi, wenzake humnong'oneza: "Umemkosea nani?" Wengine humwambia mshika mbili moja humponyoka, eti anayezunguka idara habobei popote.

Sivyo. Stashahada ya uuguzi wa afya ya jamii ya Kenya yenyewe huchanganya uuguzi wa jumla, ukunga na afya ya jamii. Ukikaa miaka wodi moja, mikono husahau mengine.

Chukua zahanati ya kisiwani, usiku, kusi inavuma na boti haitoki. Mtoto amezaliwa, halii. Mkunga anajua: amkaushe, amsugue mgongo, asipopumua amsaidie kwa mfuko na barakoa ya kumpulizia hewa kabla dakika 1 haijaisha. Mara mama naye anavuja damu. Oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, na kuukanda mfuko huo, hayo anayo. Ila aliyepitia majeruhi atashtuka mapema zaidi, akiona mapigo yanakimbia hata kama presha bado haijashuka, na atafungua njia 2 za dripu kwa sindano nene. Na muuguzi ni huyohuyo mmoja.

Kuzunguka hakukupi ubingwa, tuseme ukweli; huo una kozi yake na usajili wa Baraza la Wauguzi. Na kutupwa wodi ngeni bila wa kukuelekeza si mafunzo, ni kuziba pengo la zamu. Ukihamishwa, dai mwenyeji wa kukushika mkono wiki za mwanzo, na kila ujuzi utiwe sahihi daftarini. Daftari hilo ndilo utakaloliweka mezani siku ya usaili wa kuwa msimamizi wa wodi.