"Ajirekebishe Kwanza, Ndipo Aje": Dhana Potofu Kuhusu Neema

Dhana: Mtu wa nje ajirekebishe kwanza, ndipo neema imfikie.

Hii nimeichoka. Naisikia kwa wazee wa kanisa wakijadili nani abatizwe, naisikia hata kwa walengwa wenyewe: "Mchungaji, nikishaacha pombe nitakuja." Fungueni Matendo ya Mitume 10. Kornelio alikuwa akida wa jeshi la Kirumi pale Kaisaria, hajatahiriwa. Alimcha Mungu na kutoa sadaka, sawa, lakini Myahudi wa siku zile hakuvuka kizingiti chake. Petro akavuka, akaanza kuhubiri, na hata hajamaliza Roho Mtakatifu akawashukia wote waliokuwa wakimsikiliza. Roho kwanza, maji baadaye, tohara haikuulizwa kabisa. Waumini wa Kiyahudi waliofuatana na Petro walibaki vinywa wazi.

Petro aliporudi Yerusalemu (sura ya 11) alisomewa mashtaka, na shtaka lenyewe ni kwamba ameingia kwa wasiotahiriwa, akala nao. Kula tu! Wazee wetu wangeelewana nao sana. Sura ya 15 ikafunga mjadala: tohara si sharti. Waumini wasio Wayahudi wakaombwa kujiepusha na vilivyotolewa kwa sanamu, damu, nyama iliyosongolewa na uasherati, basi. Kwa hiyo anayedai neema haimbadilishi mtu naye asome hapo hapo. Mzee akinijia na orodha ya masharti, namtuma akasome sura hizo tatu kwa mkupuo mmoja, ndipo tuongee.

Dhana: Katika Agano la Kale Mungu alikuwa wa Israeli peke yao.

Naamani, jemadari wa Shamu, jeshi la adui, alitakasika ukoma mtoni Yordani. Wakati wa njaa Eliya alitumwa kwa mjane wa Sarepta, nchi ya Sidoni. Yesu alipowataja hao wawili Nazareti (Luka 4), wasikilizaji walimtoa nje ya mji wakitaka kumtupa chini kutoka ukingo wa kilima. Mahubiri yangu hayajafikia kiwango hicho.

Dhana: Mwafrika aliisikia Injili mara ya kwanza kwa wamisionari wa Ulaya.

Towashi Mkushi, mtunza hazina wa Kandake, malkia wa Kushi huku Afrika, yumo Matendo 8, kabla ya Kornelio. Kumbukumbu la Torati 23 lilimzuia towashi kuingia katika mkutano wa Bwana. Mhubiri Filipo alimkuta garini akisoma Isaya 53. Angesogea sura tatu mbele angekuta towashi akiahidiwa jina lililo jema kuliko kuwa na wana na binti. Towashi akauliza ni nini kinachomzuia asibatizwe. Wakashuka wote wawili majini. Barua ya usharika hakuombwa.