Mzunguko wa nitrojeni katika tangi la samaki: maana yake, na jinsi ya kulikomaza tangi jipya

Mzunguko wa nitrojeni ni kazi ya bakteria ya kugeuza amonia inayotoka kwa samaki kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati. Tangi ambalo bakteria wake wanaimudu kazi hiyo kila siku huitwa tangi lililokomaa. Tangi jipya halijakomaa, hata kama maji yake yanang'aa na pampu inatoa mapovu vizuri. Mng'ao hausemi lolote, kwa sababu amonia na nitriti hazina rangi, na katika viwango vinavyoua samaki pua ya mtu haiwezi kuzisikia. Ndiyo maana anayeanza hununua tangi Jumamosi, samaki wanane Jumapili, na kabla wiki ya pili haijaisha anaanza kuwatoa mmoja mmoja huku akilaumu duka.

Samaki hutoa amonia usiku na mchana, na sehemu kubwa hupitia kwenye matamvua, si kwenye kinyesi kama wengi wanavyodhani. Chakula kilichobaki chini, jani linalooza na konokono aliyefia nyuma ya jiwe huongeza nyingine. Ziwani au mtoni hiyo yote inapotelea kwenye maji mengi. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36, ukitoa changarawe na nafasi ya juu, linabakiwa na lita 50 hivi za maji, na hapo amonia haina pa kwenda.

Bakteria wa hatua ya kwanza, kama Nitrosomonas, hula amonia na kuacha nitriti. Wa hatua ya pili hula nitriti na kuacha nitrati. Vitabu vya zamani vya ufugaji humtaja Nitrobacter katika hatua hii, lakini kwenye matangi ya maji baridi mfanyakazi mkuu ni Nitrospira. Mwaka 2015 wanasayansi walionyesha kwamba baadhi ya Nitrospira humaliza hatua zote mbili peke yao. Kwa mfugaji hilo halibadilishi ratiba. Linalomhusu ni tabia tatu za viumbe hawa: wanakua polepole, wanahitaji oksijeni nyingi, na wanaishi wakiwa wameng'ang'ania kitu. Bakteria wengi wa kawaida hugawanyika ndani ya dakika kadhaa chakula kikiwepo, lakini hawa huchukua saa nyingi, mara nyingi nusu siku hadi siku nzima. Makazi yao ni sponji ya chujio, changarawe na utando unaoteleza juu ya mawe. Ndani ya maji yenyewe ni wachache mno, kwa hiyo kuchota ndoo ya maji ya zamani kwa rafiki na kuimimina kwenye tangi jipya hakukomazi chochote.

Ukali wa amonia hutegemea pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji, na hapa ndipo ushauri wa jumla huwaponza watu. Majini amonia huwa na sura mbili: amonia yenyewe, ambayo ni sumu kali, na amoniamu, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi na pH 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 ya jumla. Kwenye pH 8 inakaribia asilimia 5, na kwenye pH 9 inapita theluthi moja. Kipimo cha kawaida kinasoma jumla ya sura zote mbili, kwa hiyo namba ileile inaweza kuwa onyo kwa mtu mmoja na msiba kwa mwingine. Visima vingi vya Unguja, Mombasa na mwambao kwa jumla vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake ni magumu, yenye pH ya juu. Anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika, wanaotaka pH ya 8.5 hadi 9, yuko pabaya zaidi. Kwake amonia yoyote inayoonekana kwenye kipimo ni dharura.

Nitriti huua kwa njia nyingine. Hupita kwenye matamvua, huingia kwenye damu na kuiharibu hemoglobini isibebe oksijeni. Damu hugeuka rangi ya kahawia, na samaki huhema juu juu ingawa maji yana hewa ya kutosha. Nitrati ni afadhali sana. Ikikaa chini ya miligramu 40 kwa lita, na vizuri zaidi chini ya 20, samaki wengi wa kitropiki huishi nayo bila shida. Mimea huila, na iliyobaki unaitoa wewe kwa kubadilisha robo ya maji kila wiki.

Njia iliyo salama ya kukomaza tangi ni kuwalisha bakteria kabla samaki hajaingia. Weka changarawe, chujio na pampu ya hewa, jaza maji, na uondoe klorini. Maji ya bomba yanaweza kuwekwa kwenye ndoo wazi yenye pampu ya hewa kwa saa 24, klorini ikatoka yenyewe. Lakini pale mamlaka ya maji inapotumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, njia hiyo haifanyi kazi, na itabidi utumie dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo cha kwenye chupa. Maji yakae nyuzi 26 hadi 28. Ukiwa Dar es Salaam au Tanga hutahitaji hita kwa sehemu kubwa ya mwaka, ila Nairobi, Arusha au Mbeya bila hita ya wati 50 hadi 100 kazi itajivuta mno.

Kisha tia amonia mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Kwa lita 50 hiyo ni takribani gramu 0.3 za amoniamu kloridi, au mililita 1 ya mmumunyo wa amonia wa asilimia 10 kutoka duka la kemikali. Mmumunyo usiwe na manukato wala sabuni. Utikise, na ukitoa povu linalokaa, usiutumie. Ukikosa vyote viwili, funga kipande cha nyama ya kamba mbichi wa baharini chenye ukubwa wa kidole gumba ndani ya kitambaa cha nailoni na ukiache kwenye maji kioze. Inanuka, na kiasi cha amonia huwezi kukidhibiti vizuri, lakini inafanya kazi. Nunua vipimo vya matone vya amonia, nitriti na nitrati. Majina ya viwili vya mwisho yanatofautiana kwa herufi moja, hivyo soma kibandiko kabla ya kulipa. Karatasi za kupimia ni za bei nafuu, lakini rangi zake ni ngumu kuzitofautisha, na nyingi hazipimi amonia kabisa.

Wiki ya kwanza kwa kawaida hakuna kinachobadilika, na wengi hukata tamaa hapo. Baadaye amonia inaanza kushuka na nitriti inapanda. Kila amonia inaporudi karibu na sifuri, ongeza tena hadi miligramu 2, lakini nitriti ikipita 5 simamisha kwanza, maana ikizidi sana hupunguza kasi ya kazi yote. Nitriti hukaa juu kwa muda unaochosha, siku kumi au zaidi, halafu huanguka ghafla ndani ya siku mbili tatu. Jumla ni wiki nne hadi sita. Tangi limekomaa pale unapotia miligramu 2 jioni na jioni ya pili ukakuta amonia sifuri na nitriti sifuri. Wakati huo nitrati itakuwa nyingi sana, kwa sababu kila miligramu ya amonia huishia kuwa karibu miligramu 3.7 za nitrati. Badilisha asilimia 70 ya maji, kisha lete samaki. Kwa lita 50 anza na gapi (guppy, samaki wadogo) madume watano au sita, na usubiri wiki mbili kabla ya kuongeza wengine.

Kuna njia ya mkato moja tu ninayoiamini: sponji iliyotumika kutoka kwenye tangi lenye samaki wazima. Isafirishe ikiwa imelowa maji ya tangi lake, na uiweke kwenye chujio chako siku hiyohiyo. Kazi ya wiki tano inaweza kuisha kwa moja au mbili. Hatari yake ni kwamba magonjwa nayo husafiri humo. Chupa za bakteria zinazouzwa madukani ni bahati nasibu, hasa zikiwa zimekaa kwenye joto la kontena na rafu.

Mambo mawili huwababaisha watu katikati ya safari. La kwanza ni maji kuwa meupe kama yametiwa maziwa. Hao ni bakteria wa aina nyingine, wanaokula mabaki ya chakula, na huondoka wenyewe ukipunguza uchafu. La pili ni kazi kusimama kabisa, amonia ikagoma kushuka. Pima pH. Kugeuza amonia hula kaboneti zilizo kwenye maji, ambazo ndizo huishikilia pH isishuke, na pH ikishuka chini ya 6 bakteria karibu wote huacha kazi. Hutokea sana kwa wanaotumia maji ya mvua. Kijiko cha chai cha bikaboneti ya sodiamu kwa lita 50 huinua pH kwenye tangi lisilo na samaki, na mfuko wa vipande vya matumbawe ndani ya chujio huishikilia.

Kama samaki wameshaingia na kipimo kinaonyesha amonia au nitriti, acha kulisha kwa siku mbili na badilisha theluthi hadi nusu ya maji kila siku, kwa maji ya joto lilelile yasiyo na klorini. Kwa nitriti, ongeza kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa lita 50. Kloridi ya chumvi hushindana na nitriti kwenye matamvua na kuizuia kuingia. Chumvi haisaidii kitu dhidi ya amonia. Mabadiliko haya ya maji yana mtego kwenye tangi la zamani lililotelekezwa. Humo pH huwa imeshuka, na amonia karibu yote imekaa katika sura ya amoniamu. Ukimimina maji mengi mapya yenye pH ya 8, sehemu ya amoniamu inageuka amonia ndani ya dakika, na samaki waliovumilia miezi mingi wanakufa jioni ileile. Hapo badilisha asilimia 10 tu kwa siku mpaka pH zikaribiane.

Tangi lililokomaa linaweza kurudi nyuma. Chanzo kikubwa ni usafi wa kupita kiasi: sponji ikioshwa chini ya bomba, klorini inaua bakteria wengi. Ikamue kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe, mara moja kwa mwezi au mtiririko ukipungua, na usiioshe siku ileile unayosugua changarawe. Chanzo cha pili ni umeme kukatika. Chujio la kopo, lile lililofungwa na kuwekwa nje ya tangi, likizima, bakteria walio ndani humaliza oksijeni baada ya saa chache na kuanza kufa, na umeme ukirudi pampu inasukuma maji yaliyooza moja kwa moja kwenye tangi. Kwa anayeanza mahali penye mgao, chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa ni bora, kwa kuwa sponji imo ndani ya tangi na pampu ndogo ya betri inatosha kuliendesha. Mwenye chujio la kopo alifungue umeme ukikawia, atumbukize sponji kwenye tangi, na amwage maji yaliyobaki ndani ya kopo kabla ya kuliwasha tena.