Hawakuhama: Dhana Potofu Kuhusu Viumbe Waliotoweka Uani

Nilikulia Magomeni, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1980, karibu na bonde la Msimbazi. Uani kwetu palikuwa na mnazi ambao mnana waliuchana majani kwa ajili ya viota hadi makuti yakabaki njiti tupu. Bibi aliwalalamikia kila asubuhi, lakini siku walipochelewa kuanza kelele zao alitoka nje kuwatazama. Masika yakianza, vyura walijaza usiku kwa sauti zao kutoka bondeni. Vimulimuli waliwaka juu ya magugu, nasi tukawakimbiza na chupa za soda.

Mnazi ule upo hadi leo. Mnana hawapo. Alfajiri yote ni ya kunguru.

Nikilizungumza jambo hili, iwe kijiweni, msibani au na wanangu, napewa majibu yale yale. Nimeamua kuyaandika kwa sababu majibu hayo ndiyo yanayotufanya tukae kimya.

“Ni kumbukumbu tu. Kila mtu mzima huona utoto wake ulikuwa mzuri.”

Kumbukumbu hudanganya, nakubali. Ila katika hili huwa inadanganya kwa upande wa pili. Mwaka 1995 mtaalamu wa samaki Daniel Pauly alieleza jinsi kila kizazi cha wataalamu wa uvuvi kinavyoichukulia bahari kiliyoikuta kuwa ndiyo bahari yenyewe, na upungufu uliotokea kabla yao hakuna anayeuhesabu. Mwanangu wa mwisho ana miaka kumi na moja. Hajawahi kuona kimulimuli mtaani kwetu, kwa hiyo kwake hakuna kilichopungua.

Na wapo waliohesabu. Kenya, watafiti walilinganisha hesabu za ndege wawindaji zilizofanywa kando ya barabara miaka ya 1970 na zile za kati ya 2003 na 2020. Spishi nyingi zilikuwa zimeporomoka, baadhi kwa zaidi ya asilimia 90. Miongoni mwake wamo ndege ambao zamani msafiri aliwaona juu ya nguzo za simu bila hata kuwatafuta.

“Mji umekua, wao wamehamia porini. Si tuna hifadhi tele?”

Mji umekua kweli: sensa ya 1988 ilihesabu watu milioni 1.36 Dar es Salaam, ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Lakini hebu tumfuate kimulimuli mmoja tuone angehamaje. Sehemu kubwa ya maisha yake si ile ya kuruka akiwaka. Kabla ya kuota mbawa hukaa miezi mingi akiwa buu, kwenye udongo wenye unyevu na majani yaliyooza, akiwinda konokono. Siku uani panapomwagwa zege au kupangwa pevingi, buu yule hana miguu ya kumfikisha Mikumi. Anafia pale pale chini.

Hata akipona, bado kuna taa. Katika spishi nyingi dume na jike hutafutana kwa mwanga, mmoja akimulika na mwenzake akijibu. Taa nyeupe za ukutani tunazowasha hadi asubuhi kwa ajili ya usalama zinauzima mwito huo.

Hifadhi nazo zina mipaka ya ramani tu. Nchini Ujerumani, wadudu warukao walinaswa na kupimwa uzito katika maeneo 63 yaliyohifadhiwa kuanzia 1989 hadi 2016, na uzito huo ulishuka kwa zaidi ya asilimia 75. Hayo ni maeneo yanayolindwa kisheria. Uani kwangu hakuna sheria yoyote.

“Kunguru ni ndege wetu wa asili, na anatusafishia mji.”

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana nimeisikia hata kwa walimu.

Kunguru anayetawala Dar, Unguja na Mombasa, yule mweusi mwenye shingo ya kijivu, asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani zake. Aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, chini ya utawala wa Waingereza, ili ale taka za mji. Haikupita hata miaka thelathini, visiwani wakawa wameshaanza kumwona msumbufu. Akavuka bahari. Mombasa alionekana mara ya kwanza mwaka 1947, na baadaye akasambaa mwambao mzima. Kunguru wetu wa asili ni yule mwenye kifua cheupe. Katika miji ya pwani mgeni amemsukuma pembeni kiasi kwamba watoto wengi wakimwona bara hudhani ni ndege mwingine kabisa.

Taka anakula, ni kweli. Anakula pia mayai na makinda. Anayefuga kuku wa kienyeji anamjua vizuri, kwa sababu ukigeuka tu, kifaranga kimekwenda. Sasa fikiria kiota cha mnana, kinaning'inia kwenye kuti bila mtu wa kukilinda. Hua, chozi na shore wamo katika hali hiyo hiyo. Kunguru huja wawili watatu, mmoja akamchokoza mama, mwingine akapekua. Anakumbuka pia. Mtu aliyewahi kumtega hutambuliwa na kupigiwa kelele mtaa mzima.

Wapo wanaosema basi ameshatushinda. Unguja miaka ya 1990 walimpunguza sana kwa mitego na sumu maalumu. Kazi ilipokoma, akaongezeka upya. Dar nako imefanyika kazi ya namna hiyo, na Juni 2024 Kenya ilitangaza mpango wa kuwaua milioni moja kabla ya mwaka kwisha. Mimi naona tatizo ni kutega bila kufunika dampo. Kunguru hafugiki, walisema wazee. Huyu tumemfuga wenyewe, kwa vichwa vya samaki sokoni, kwa viroba vya taka vinavyolala barabarani vikisubiri gari, kwa makombo ya nyuma ya migahawa. Chakula kikiwepo, mayai ya kesho yapo.

“Wadudu wakipungua ni heri, mbu na mende watapungua.”

Wangepungua mbu ningenyamaza. Mbu wa Culex, anayetunyima usingizi mjini, huzaliana kwenye mashimo ya vyoo, chemba zilizopasuka na mitaro ya maji machafu. Maji hayo mabuu ya kereng'ende hayayawezi, na hayo ni miongoni mwa wanaokula mabuu ya mbu. Kwa hiyo tukichafua mtaro tunamwondoa mlaji na kumwachia mbu nyumba. Kisha tunapuliza dawa, nayo inaua nondo, buibui, nyuki na panzi, huku mbu wengi wakiwa wameshaizoea.

Ndege nao wanaumia hapo hapo. Watu huniambia mnana ni mla nafaka, mchele uliomwagika upo kila mahali, atakufaje njaa? Mnana mkubwa anakula nafaka. Makinda yake hulishwa wadudu. Hata kumbikumbi wa mvua za kwanza tuliokuwa tukiwagombania na kuku siku hizi ni wa kubahatisha, kwa kuwa karibu kila msingi wa nyumba mpya humiminiwa dawa ya mchwa.

“Bundi ni mkosi, akipungua afadhali.”

Bundi anakula panya. Tunampiga mawe, au anakula panya aliyekwisha kula sumu na kufa naye, halafu tunanunua sumu nyingine.

“Yote ni tabianchi, sisi tutafanya nini?”

Mvua zimevurugika, na vyura wanaumia kwa hilo. Lakini tabianchi haikuleta pevingi uani kwetu. Tuliipanga wenyewe, kwa pesa zetu, na mimi nilikuwepo fundi alipokuwa akishindilia mchanga.

Masika yaliyopita nililala kwa shangazi, huko Chanika, pembezoni mwa Dar. Nyuma ya jiko lake kuna kipande kisichosakafiwa, cha migomba na magimbi, maji ya kuoshea vyombo huishia hapo, na taa ya nje iliungua siku nyingi. Saa mbili usiku nilimwita mwanangu. Tulihesabu vimulimuli saba. Aliuliza kama wanauma, kisha akakaa chini kwenye udongo na kukataa kuingia ndani.

Ng'ambo ya ua, kiwanja cha jirani kilikuwa kimeshateremshiwa mchanga na kokoto.